Kodi ya majengo: nyumba moja, mita tatu

SWALI: Shikamoo Mama. Nimepanga Makorora, Tanga. Nyumba ni ya kawaida, ina mita tatu za LUKU (umeme wa kulipia kabla), na kila moja inakatwa kodi ya majengo 1,500 kwa mwezi. Ni halali? Na kwa nini nilipe mimi mpangaji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka, ndiyo hiyo 1,500 ya kila mwezi. Ghorofa mjini ni 90,000 kwa kila sakafu. Lakini kodi hii ni ya jengo, si ya mita! Mita tatu zikikatwa zote, nyumba yenu inatoa 54,000. Mwenye nyumba apeleke namba zote tatu ofisi ya kodi, ibaki moja.

Na mzigo ni wake. Inaniuma sana mtu ananunua umeme wa 5,000, uniti anapata za 3,500, halafu anakaa kimya. Tunza meseji za LUKU, mwoneshe mwenye nyumba, akupunguzie kwenye pango. Kama ametimiza miaka 60 na anaishi humo humo, aulizie msamaha wa wazee.