Kwa nini ndege ya bei nafuu hushusha hata nauli za wenzake?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Kila baada ya miezi miwili au mitatu nakwenda Dar es Salaam kwa basi, kisha napanda ndege hadi Mwanza. Fastjet, shirika la ndege la bei nafuu, ilipokuwepo, hata mashirika yaliyokuwa yakisema hayawezi kupunguza nauli yalipunguza. Ilipoondoka, nikaona nauli zinapanda tena. Je, mwanzoni tulikuwa tunaibiwa? Na shirika la namna hiyo likija Tanga, nauli ya hapa itashuka?

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako naufahamu, lakini neno "kuibiwa" naomba tuliweke kando mpaka tumalize hesabu.

Fastjet ilianza kuruka nchini Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa ndege za Airbus A319, ikitangaza nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Viti vya bei hiyo vilikuwa vya kuwahi, na aliyekata tiketi siku mbili kabla ya safari alikuta bei nyingine kabisa. Hata hivyo soko zima lilitikisika, na sababu yake ni hii: gharama kubwa za safari ya ndege, yaani mafuta, marubani, matengenezo, kodi ya kukodi ndege yenyewe na ada za kutua, hulipwa karibu kiasi kilekile iwe ndege imejaa au iko nusu.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Ndege ya viti 70 inamgharimu mwenyewe shilingi milioni 12 kwa safari moja. Ikipakia abiria 50, kila mmoja anabeba gharama ya shilingi 240,000. Akija mwenzake mwenye ndege ya viti 150, ambaye safari yake inagharimu milioni 18 lakini anapakia abiria 130, mzigo wa kila kichwa unakuwa kama shilingi 138,000. Huyu wa pili anaongeza mbinu nyingine: anatumia aina moja ya ndege ili fundi na vipuri viwe vya aina moja, anaigeuza haraka kiwanjani ili iruke mara nyingi kwa siku, na begi, chakula na uchaguzi wa kiti anaviuza kando.

Sasa yule wa kwanza afanye nini? Kiti kitakachoruka kitupu hakiwezi kuuzwa kesho, na kumbeba abiria mmoja zaidi hakumwongezei gharama ila kidogo sana. Kwa hiyo ni heri auze viti vilivyobaki kwa shilingi 150,000, hata kama bei hiyo haifikii wastani wa gharama yake, kuliko kuruka navyo vitupu. Aliposema hawezi kupunguza, huenda alikuwa akisema kweli kwa hesabu ya mwaka mzima. Alipopunguza, alikuwa akifanya hesabu ya safari ya jioni ile. Nakubali, hata hivyo, kwamba palipo na shirika moja tu kwenye njia, faida huwa nene kuliko inavyostahili, na hapo malalamiko yako yana msingi.

Jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Southwest, lililoanza safari zake Texas mwaka 1971, lilikuwa likiingia njia mpya nauli za wote zinashuka na idadi ya abiria inapanda, hata Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikaiita hali hiyo, mwaka 1993, "athari ya Southwest". Angalia kwamba ushindani huu hupimwa kwa njia, si kwa nchi: shirika linaweza kuuza rahisi panapo mpinzani na ghali pale linaporuka peke yake, wiki hiyohiyo. Fastjet iliposimamisha safari zake hapa nchini mwishoni mwa 2018, kila njia iliyobaki na washindani wachache ilipoteza sababu ya kubana bei.

Kuhusu Tanga, sitakupa matumaini makubwa. Kiwanja chetu huhudumiwa na ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye viti kama 12. Gharama ya safari ikigawanywa kwa watu 12, hakuna ujanja wa bei utakaoifanya ishabihiane na nauli ya Mwanza. Akija mshindani wa pili mwenye ndege kama hiyo, atapunguza faida ya wa kwanza, lakini gharama yenyewe itabaki palepale. Ndege kubwa nayo inahitaji abiria wengi kila siku, na wengi wetu tunapita Segera na Chalinze kwa basi, kilomita kama 350. Mshindani halisi wa ndege ya Tanga kwenda Dar ni basi. Safari ya Pemba ni habari nyingine, kwa kuwa huko kuna bahari katikati.

Kwa safari zako za Mwanza, kata tiketi mapema, na linganisha jumla badala ya bei ya tangazo. Nauli ya 95,000 yenye malipo ya mzigo ya 40,000 ni ghali kuliko ya 125,000 inayokuruhusu kilo 23 bila nyongeza. Nawe hurudi na furushi la sampuli za dagaa, ambalo, kwa hisani ya jirani yako wa kiti, naomba ulifunge vizuri.