Kombe wa horini: kuchemsha hakuondoi risasi

Assalamu alaykum. Dada ameuliza kuhusu mkwe wake anayeokota kombe katika hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) lililo karibu na mji, pale mtaro mkubwa unapomwaga. Mtu amewatisha kuwa mle mna metali zenye sumu, risasi na zebaki, naye anataka kujua: wakichemshwa sana na supu ya kwanza ikamwagwa, si inatosha? Najibu kwa urefu, mniwie radhi. Nimezaliwa upande wa Mtoni, Unguja, nimevua, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka kwa mtumbwi wanafunzi wa sayansi za bahari wanaochota tope la mikokoni kwenda kulipima.

Haitoshi, dada. Moto unaua vijidudu, lakini risasi, kadimiamu na zebaki ni metali: hazifi, haziozi, na zimeshashikana na nyama yenyewe ya kombe. Ndimu haisaidii. Kuwalaza usiku kucha kwenye ndoo ya maji safi kunatoa mchanga na baadhi ya vijidudu, basi. Metali hutoka mwilini mwa kombe polepole mno, wiki kwa miezi.

Tena ukienda kuyapima maji ya hori hilo, huenda ukaambiwa hayana neno. Sumu imelala kwenye tope. Maji ya mtaro yanapokutana na maji chumvi, chembe za udongo zilizokuwa zikielea hugandana na kuzama, na metali nyingi zimeng'ang'ania chembe hizo. Ndiyo maana mlango wa mto, hata wa vijito vidogo kama vyetu vya Unguja, hukusanya kuliko bahari ya wazi. Ukichimba kidogo chini ya ule utando wa kahawia unakuta tope jeusi linalonuka kama yai viza. Harufu ile ni ya salfa, na salfa hiyo ndiyo inayozifunga metali zikatulia. Tope likifukuliwa, au mikoko ikikatwa na tope likapigwa na hewa, kifungo kinalegea na metali zinarudi majini. Kadimiamu haingoji hata hayo, kwani chumvi ya bahari yenyewe huibandua kwenye udongo. Kwa hiyo kila ninaposikia hori linataka kuchimbwa au kufukiwa, roho inaniuma. Darajani, pale mjini Unguja, palikuwa hori likafukiwa, na Funguni ndiyo mabaki yake.

Wale wanafunzi walikuwa wakichota kwa kijiko cha plastiki, hawakubali cha chuma kisije kikachafua kipimo. Maabara tope hukaushwa, huchekechwa ibaki ile chembe laini kabisa, huchemshwa kwa asidi kali, ndipo mashine isome. Tope lina kumbukumbu. Petroli yenye risasi iliondoshwa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi iliyokwisha kuzama iko pale pale, tabaka chini ya tabaka.

Sasa yetu inatoka wapi? Hatuna mgodi, wala kiwanda kama kile cha Minamata kule Japani, kilichomwaga zebaki kwenye ghuba mpaka ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, watu wakiwa wamekula samaki na kombe bila kuonja tofauti yoyote. Kwetu kikubwa ninachokiona kwa macho yangu ni betri. Za magari, za bodaboda, za sola. Maji ya betri humwagwa mtaroni, boksi hupasuliwa ufukweni, na sahani za risasi huyeyushwa kutengenezea chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, kwa hiyo moto wa vifuu na kopo la zamani vinatosha. Chubwi yenyewe ikipotea baharini si tatizo kubwa. Ni kipande kizima, kinalika taratibu kwa maji ya bahari. Kibaya ni ule unga wa kijivu na kahawia unaotoka ndani ya betri, pamoja na jivu na moshi. Unga ule ni risasi iliyokwisha kusagika. Bamvua la kwanza, yale maji makubwa ya kujaa, likija, lote limeingia horini. Na mara nyingi watoto wamechuchumaa hapo hapo wanatazama moto. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu wavuvi wenyewe ni watu wazima wanaowapenda watoto wao, na hakuna aliyepita kuwaambia.

Rangi za vyombo vya baharini nazo zimo. Zamani vyombo vilipakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Siku hizi ni rangi za shaba za kuzuia chaza na magugu kushika, na mabaki hukwanguliwa mchangani. Zile zenye metali ya bati ndani yake, zilizokuwa kali zaidi, zimepigwa marufuku duniani tangu 2008.

Kombe hula kwa kuchuja maji, na hicho anachokichuja ndicho kinachobaki naye. Angalieni hata wenye sheria wanavyopima: Umoja wa Ulaya unaruhusu risasi isiyozidi miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki, lakini kwa kombe wanakwenda hadi 1.5, kwa kuwa wanajua kombe hukusanya zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huinyonya mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, inamgusa ubongo, na kwa mama mjamzito ile iliyohifadhika mifupani huweza kumfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo mkwe wako asiache kwenda pwani. Ni riziki yake na ni chakula kizuri. Ahame tu. Aondoke penye mtaro, penye gereji, penye vyombo vinavyokwanguliwa na karibu na bandari, atafute ufukwe wa mbali na mji. Wajukuu na wenye mimba wasiwale kabisa kombe wa hori lile hadi kombe hao wapimwe. Wanaoyeyusha betri ongeeni nao kwa heshima, mkimshirikisha sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu: chubwi za saruji au za mawe zinafanya kazi, na betri nzima nzima ina mnunuzi kwenye chuma chakavu bila kupasuliwa.

Kuhusu kupima, Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar ndiyo ya kuanzia kuuliza. Wakikubali, chukueni kombe kutoka sehemu tofauti za hori, si fungu la mahali pamoja, watieni kwenye mfuko safi wa plastiki wakiwa na magamba yao, wagandisheni, na andikeni mahali na tarehe. Msiwaweke kwenye kopo la bati. Kama mtaweza, ongezeni na tope kidogo la pale pale walipookotwa, kwenye mfuko wake peke yake.