Jibu: Lamu mwezi wa Agosti na watoto – njia, maji na mji

Ndugu, umeuliza mambo matatu: kama uahirishe safari ya Shela, kijiji cha ufukweni kisiwani Lamu, kwa sababu ya habari za mashambulizi, kama upite barabara kutoka Malindi au upande ndege, na kama bahari ya Agosti inawafaa watoto wa miaka minne na tisa. Nimeizoea njia hiyo na maji hayo, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Nenda, usiahirishe. Ila hofu yako nyingi umeielekeza kwenye bunduki, na mimi ningeomba sehemu kubwa uihamishie kwenye maji.

Tuanze na habari. Ukisoma "shambulizi Lamu", tafuta jina la kijiji kabla ya kusambaza. Lamu ni kisiwa, na pia ni kaunti nzima inayofika mpaka wa Somalia. Mpeketoni Juni 2014, basi lililoshambuliwa Nyongoro Januari 2020, Widho Januari 2022: kote huko ni bara. Hata kafyu ya Januari 2022 ililenga sehemu za bara kama Hindi na Mkunumbi. Visiwa navyo havijawa na kinga ya milele, maana mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu mwezi wa Septemba na Manda mwezi wa Oktoba, na tangu hapo ulinzi wa baharini uliongezwa sana. Kwa familia yako, mji wa Lamu na Shela ni sawa, Manda ni sawa ukiwa na nahodha wa hapo, lakini Kiunga, Basuba na pembezoni mwa msitu wa Boni msiende. Kama mmoja wenu ana bima ya nje, aisome vizuri. Ushauri wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, umekuwa ukivitenga visiwa vya Lamu na Manda na kaunti iliyobaki, na bima inaweza kulipa la kisiwani ikakataa la barabarani.

Habari za siku hiyo hiyo waulize watu watatu wasiojuana: mwenye nyumba mtakayofikia, karani wa basi Malindi, na nahodha wa jeti ya Mokowe, upande wa bara mnakopandia boti. Wakikubaliana, amini. Mmoja akisita, ngoja siku moja.

Barabara ya Malindi, Garsen, Witu, Hindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 na siku hizi ni lami. Mkiamua kuipita, pandeni basi la asubuhi ili mfike Mokowe jua lingali juu, kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi kwa ajili ya vizuizi, na msiendeshe gari lenu wenyewe baada ya saa kumi alasiri. Polisi wakisema magari yasubiri yasindikizwe, subirini. Anayetafuta njia ya mkato hapo anahatarisha roho yake na za wenzake. Kwa watoto wadogo mimi ningechagua ndege. Uwanja uko Manda na boti inawavusha hadi mjini kwa dakika chache. Ndege ndogo za kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, mara nyingi huruhusu kilo 15 tu na mabegi laini, kwa hiyo ulizeni kabla ya kufunga mizigo.

Sasa maji. Agosti ni kusi bado. Upepo unatoka kusini, na mlango wa bahari wa Shela umeelekea huko huko. Maji yakipwa, yote yaliyojaa kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda hutoka kupitia mlango huo. Yakikutana na upepo wa kusi unaokuja mbele yake, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Boti ndogo hupigwa vibaya hapo, na mwogeleaji husukumwa nje huku akiona ufuo unaenda mbali.

Zijueni saa. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa takriban saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa takriban saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji hayaondoki kwa kasi moja: saa ya kwanza baada ya kujaa ni polepole, lakini saa ya tatu na ya nne peke yake huchukua karibu nusu ya maji yote. Pigeni hesabu. Katika bamvua kasi hiyo inaangukia kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, ndio wakati mgeni ametoka kunywa chai na anateremka kuogelea na watoto. Wakati mzuri ni maji yakiwa yanajaa, au yamesimama. Muulizeni kijana yeyote wa Shela "maji yanajaa au yanapwa?" na atawajibu bila hata kutazama. Msikae karibu na ncha ya mlango, nendeni upande wa mchanga mrefu, na hata huko mtoto asipitishe magoti bila mtu mzima kumshika. Msitegemee kwamba kuna mwokozi anayewatazama. Mkondo ukikushika, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufuo mpaka uutoke, kisha ndipo uelekee nchi kavu.

Saa hizo hizo ndizo zinazoharibu matembezi ya jioni. Njia ya ufukweni kati ya Shela na mji ni kama kilomita tatu. Mtu huenda mjini mchana akapita pakavu, akataka kurudi jua likitua akute maji yamefika ukutani. Panda boti, usivue viatu kujaribu na mtoto mgongoni. Magofu ya Takwa, kule Manda, nayo yanafikiwa kwa mkono wa bahari unaopita ndani ya mikoko, na boti huingia maji yakiwa yamejaa tu. Mkichelewa kutoka mtakaa kwenye tope mpaka yajae tena. Mkikwama, bakini ndani ya boti, msishuke kusukuma.

Kabla ya kupanda boti, hesabuni jaketi za kuokoa maisha kwa macho yenu. "Zipo chini ya sanduku" si jibu. Ya mtoto ijaribuni: ifunge, kisha mwinue kwa mabega ya jaketi. Ikipanda hadi masikioni ni kubwa, na majini itamponyoka. Tazameni ukingo wa boti ulivyo juu ya maji. Ukibaki chini ya shubiri moja watu wakishakaa, shukeni, hata kama nauli imelipwa. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari upepo wa pwani unapotarajiwa kuzidi kasi ya noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Siku hiyo hakuna matembezi ya baharini, na nahodha anayewashawishi siku hiyo msimpande hata siku nyingine. Masharti ya boti kutembea usiku hubadilika kwa sababu za usalama, kwa hiyo pangeni kurudi kabla ya magharibi.

Mjini hakuna la kutisha. Vichochoro ni vyembamba na punda aliyebeba mawe hasimami, hivyo mkisikia "hodi hodi" nyuma, bana ukutani upande usio na mzigo. Vaeni kwa heshima. Msirushe droni bila kibali, wala msipige picha za askari na boti zao. Kwenye nyumba ya makuti, dawa ya mbu ya kuchoma iwekwe kwenye sahani ya udongo, mbali na pazia, na izimwe mkitoka. Moto wa makuti huruka paa kwa paa na gari la zimamoto halipiti.

Afya: maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi. Homa ikiwapata pwani, pimeni malaria kwanza, na kabla ya majibu tumieni paracetamol tu, maana aspirini na ibuprofen huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengi. Mtu akichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, mchangani, aloweke mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha aende hospitali. Hospitali ya King Fahd iko mjini Lamu. Kutoka Shela usiku mtaifikia kwa boti, kwa hiyo siku ya kwanza tu chukueni namba ya nahodha anayelala Shela na muiandike kwenye simu mbili. Yaliyo mazito hupelekwa Malindi au Mombasa, na hapo uanachama wa ndege za wagonjwa za AMREF unafaa kuwa umelipwa kabla hamjaondoka nyumbani. Namba za dharura ni 999 na 112.