Uliza Anko: Wazee waliopiga Sabasaba, ni bendi yenyewe au ni jina tu?

Toleo hili barua nyingi zinatoka Sabasaba, na mimi nimefurahi sana maana kwa muda mrefu mnaniuliza habari za wasanii wa leo tu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inanigusa, mnivumilie.

*Anko shikamoo. Mwaka huu nilimpeleka mzee wangu Sabasaba, tukazunguka mabanda weee mpaka miguu ikawaka moto, jioni tukakuta bendi moja kongwe ya dansi inapiga jukwaani, jina naliweka kapuni nisije nikamkwaza mtu. Mzee alifurahi mpaka akasimama akacheza na kiuno chake kibovu kile. Ila mi nikaangalia pale jukwaani nikaona wazee wawili tu, wengine wote vijana wa rika langu, na aliyeimba ile nyimbo anayoipenda mzee sio aliyeimba kwenye rekodi, yule alishafariki zamani. Nikarekodi nikamtumia kaka yuko Marekani, akanijibu hao sio wenyewe hiyo ni kopi mmelishwa, ila akasema hata huko aliko bendi za rock za zamani zinapiga kwenye maonyesho ya wilaya hivyohivyo, unakuta wa mwanzo amebaki mmoja au hayupo kabisa. Sasa Anko, tuliyoiona ni bendi yenyewe au jina tu? Na mzee nimwambie au nimwache na furaha yake?*
*Msomaji, Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, mzee hana cha kuambiwa hapo. Watu wa umri wake walikua na Redio Tanzania Dar es Salaam, wanajua nani aliimba nini, alihama lini akaenda bendi gani, na siku alipofariki walisikia kwenye taarifa ya habari wakaenda msibani au wakatamani kwenda. Alivyosimama pale alikuwa anajua vizuri kabisa kwamba mwimbaji sio yule, na bado akasimama. Kwahiyo swali lako ungemuuliza yeye kabla hujaniuliza mimi, ungeshangaa majibu.

Tuje kwa kaka. Kwa huko aliko hoja yake ina uzito. Chukua Lynyrd Skynyrd, bendi ya rock ya Jacksonville kule Florida. Oktoba 1977 ndege yao ilianguka, mwimbaji wao Ronnie Van Zant akafa pamoja na wenzake, bendi ikasimama. Mwaka 1987 wakarudi na mdogo wake Johnny ndo anaimba. Gary Rossington, mpiga gitaa ambaye ndo alikuwa wa mwisho kati ya waanzilishi, akafariki 2023, na bendi ikaendelea kupiga. Pale watu wanabishana kweli, na nawaelewa, kwa sababu bendi nyingi za rock zilianza kama marafiki wanne watano wa mtaa mmoja, jina ni lao wao, sasa marafiki wakiisha unajiuliza kimebaki nini.

Ila kwetu dansi halikuanza hivyo mwanangu, na hapa ndo kaka anapochanganya. Bendi zetu kubwa tangu siku ya kwanza zilikuwa na mwenyewe ambaye hapigi gitaa wala haimbi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi, vyombo ni vya chama, wanamuziki wameajiriwa wanapokea mshahara. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA bendi nayo ikawa JUWATA Jazz, ikaja OTTU bendi ikawa OTTU Jazz, na leo tunaiita Msondo Ngoma ambalo ni jina la mtindo wao wa siku zote. Mlimani Park nayo ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji hili letu, ndo ikawa DDC Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde kwa jina la mtindo wao. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana wa TANU. Polisi walikuwa na yao, jeshi lilikuwa na yake.

Sasa kwa mpango huo wanamuziki walikuwa wanahama kama wachezaji wa Simba na Yanga, na mashabiki walikuwa wananuna na kushangilia vilevile. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwepo NUTA tangu 1964, sauti yake ndo ilikuwa nembo, alafu 1978 huyo akaondoka akaenda kuanzisha Mlimani Park. Bendi aliyoiacha ilikufa? Haikufa. Mwaka 1985 yeye na mwimbaji mwenzie Hassan Rehani Bitchuka wakahamia Orchestra Safari Sound wakaja na mtindo wa Ndekule, na Mlimani nayo haikufa. Baadae Gurumo akarudi kwenye bendi yake ya kwanza na akabaki huko mpaka alipostaafu 2013, akafariki Aprili 2014. Shaaban Dede naye alipita kote kote, Msondo kaimba, Sikinde kaimba, mpaka Julai 2017 alipotutoka. Ukitumia kipimo cha kaka yako basi Msondo iliacha kuwa Msondo 1978, na hakuna mtu wa Dar es Salaam anayeweza kukubali hilo, hata shabiki wa Sikinde hawezi.

Kwahiyo bendi ya dansi ni nini? Mi nasema ni mtindo pamoja na mazoezi. Mtindo ndo maana kila bendi ilikuwa na wa kwake, Msondo, Sikinde, Ndekule, Vangavanga ya Polisi Jazz, Kamanyola ya Maquis, na mtu alikuwa anasikia gitaa tu kabla mwimbaji hajafungua mdomo anasema hao fulani. Kile kitu hakikuandikwa popote. Kijana anaingia bendi anakaa pembeni ya mpiga ridhim mkubwa, mazoezini mchana, usiku ukumbini, anafundishwa wapi akate wapi aache, miaka inapita na yeye anakuja kumfundisha mwingine. Michael Enoch, yule tuliyemwita King Michael, alianzia Dar es Salaam Jazz akaja kuwa nguzo pale Mlimani, na wapiga magitaa wangapi wa mji huu wamepita mikononi mwake. Hao vijana uliowaona Sabasaba, kama walikaa mazoezini na wale wazee wawili, basi ni bendi yenyewe, sina shaka hata kidogo.

Lakini hilo "kama" nimeliweka makusudi, maana wapo watu wanaochukua jina kubwa, wanaokota wapigaji jioni ileile, kinanda kinapiga sehemu za tarumbeta, wanaingia jukwaani wanapiga nyimbo sita zilizopendwa wanashuka. Hiyo inaniuma sana na inawaumiza hata wale wazee wanaosimamishwa mbele kama picha. Utawajuaje? Siku nyingine ukisimama pale mbele sikiliza magitaa, sio mwimbaji. Kwenye dansi letu gitaa la solo na la ridhim yanajibizana, moja linauliza lingine linaitikia, na kuna la tatu linapita katikati yao, sasa kama kila mmoja anapiga vyake na hakuna anayemsubiri mwenzie, hao wamekutana leo. Alafu subiri uone kama watapiga nyimbo yao mpya hata moja. Bendi hai inatunga. Mtu anayekaa mazoezini miezi na wenzie hawezi kukosa kitu cha kwake cha kukupigia, hata kama watu wataenda kununua maji wakati huo.

Na kaka mwambie akipata nafasi aende kwenye hayo maonyesho ya huko akawasikilize hao wazee wa rock, asikae nyumbani kwa sababu amebaki mmoja. Huyo mmoja naye ana siku zake.

*Anko mambo. Mi umri wangu 22 nilienda na mashoga zangu tukasikiliza bendi, mziki mzuri ila jamani nyimbo ndeeefu, dakika nne nzima mtu anasimulia habari za mkewe polepole, tukachoka tukaondoka, kumbe tunafika getini ndo tunasikia watu wanapiga kelele mziki umechangamka. Kwanini hawaanzi na hiyo sehemu tu?*
*Msomaji, Tabata*

Dada yangu umeondoka kwenye chemko! Pole sana.

Nyimbo ya dansi ina vyumba viwili. Cha kwanza ni cha kusikiliza, pale ndo kuna kisa, mwanamke ameachwa, mtoto amekataliwa, mtu kaenda mjini kasahau kwao, na waimbaji wanakuimbia taratibu kila neno lisikike kwa sababu watu walikuwa wanakuja ukumbini kwa ajili ya mashairi, wakirudi nyumbani wanajadili nani alikuwa na makosa. Pale mnacheza mmeshikana kwa adabu. Kisha magitaa yanabadilika, tumba zinapanda, matarumbeta yanaingia, waimbaji wanaachia kisa wanaanza vibwagizo vifupi na kutaja majina ya watu waliopo, hiyo ndo chemko, na hapo mtu anacheza anavyojua mwenyewe. Hiyo sehemu ukumbini haina mwisho maalum, ikikolea wanaweza kwenda hata robo saa wakiangalia watu wanavyocheza.

Ukianza na chemko moja kwa moja haichemki, kwa sababu huna kisa kichwani. Mi nakuomba rudi ukasikilize tena ukiwa umekaa, agiza chips zako, fuata hicho kisa cha mke wa mtu mpaka mwisho. Nina hakika ile sehemu ya pili itakubeba tofauti kabisa na vile ulivyoisikia kutoka getini.

*Anko, nataka kumtuza mwimbaji ila naona aibu, na sina hela nyingi, je buku mbili ni kumdharau? Unaenda saa ngapi?*
*Msomaji, Kigogo*

Buku mbili inatosha ndugu yangu, hata buku. Subiri chemko, pita pembeni usikate mbele ya wanaocheza, mpe mkononi au mbandike kwenye paji la uso kama mnafahamiana, cheza nae hatua mbili tatu alafu ondoka usining'inie pale kupigwa picha. Na usiishie kwa mwimbaji kila siku, mpiga besi na mpiga tumba wanakaa nyuma hakuna anayewakumbuka, nenda mpaka kwao siku moja uone watakavyopiga baada ya hapo.

*Anko habari za kazi. Baada ya Sabasaba mama alinitolea boksi la kanda zake, karibu zote alirekodi mwenyewe kutoka redioni miaka ya 80, Vijana Jazz, Marijani, Mbaraka, na nyingine hazijaandikwa kitu. Nifanyeje, zitakuwa bado zinapiga? Zina thamani au nitupe maana nyimbo zote si zipo mtandaoni?*
*Msomaji, Ukonga*

Usitupe hata moja, nakusihi.

Nyimbo zote hazipo mtandaoni, hilo watu wengi hawalijui. Kwa miaka mingi sehemu ya kurekodia ilikuwa moja tu, studio ya Redio Tanzania, bendi inaingia inapiga yote kwa pamoja, kanda inabaki redioni inapigwa kwenye vipindi. Zilizopata bahati ya kuwa santuri nyingi zilifyatuliwa Nairobi, mfano nyingi za Mbaraka Mwinshehe, na yeye mwenyewe alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979 akiwa huko kwenye kazi hizohizo za muziki. Ambazo hazikufika kwenye santuri zilibaki redioni na kwenye maboksi kama hilo la mama yako. Na kwenye kanda ya mtu aliyerekodi redioni unapata na sauti ya mtangazaji anataja bendi, salamu za wasikilizaji, wakati mwingine taarifa ya habari katikati, vyote hivyo ni vya kutunza.

Sasa fanya hivi. Kwanza usizipige kwenye redio yoyote iliyokaa stoo, itakula utepe. Tafuta fundi mwenye deki ya kaseti iliyo nzima, asafishe kichwa cha hiyo deki kwa spiriti. Kila kanda iangalie kwenye mwanga, ukiona unga mweupe kwenye utepe ule ni ukungu, hiyo tenga mbali na nyingine na umpe fundi peke yake. Ambayo ni safi izungushe mpaka mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kuipiga, maana imekaa miaka utepe umegandana. Juu ya kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, vivunje, ukishavivunja hakuna mtu anayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha unganisha deki na kompyuta kwa waya, rekodi kanda nzima pande zote mbili bila kukata kata, hayo mambo ya kugawa nyimbo utafanya baadae.

Zile ambazo hazijaandikwa mpigie mama akiwepo, na uwe na kalamu. Akisema hii ni Vijana Jazz wakati wa mwimbaji wao Hemed Maneti andika, akisema hapa nilikuwa na mimba ya dada yako andika pia, maana hapo umepata mwaka. Ukikwama kuna nyimbo hamuitambui, nitumie dakika moja tu ya mwanzo kwenye namba ya gazeti, mi na wazee wenzangu tutaisikiliza na jibu nitalitoa hapahapa.