"x ikifika 0" au "x ikikaribia 0"?

Swali: Assalaam alaykum. Nasomesha hesabu skuli ya sekondari huku Wete, Pemba. Naandaa maelezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wanaotumia programu ya Maxima kutafuta vikomo (limits, yaani thamani ambayo hesabu inaikaribia) na kuchora grafu. Mwenzangu anaandika "x ikifika 0", mimi "x inapokaribia 0". Nani yuko sawa? Na Maxima tuseme "imekataa" au "amekataa"?

Jibu: Waalaykum salaam, Mwalimu. Hapa uko sawa wewe, ingawa mwenzako hakukurupuka.

Kufika ni kitendo cha mara moja. Kikiwekewa -ki-, huhesabiwa kimeshatimia ndipo la pili lifuate: "Boti ikifika Mkoani, nipigie." Humpigii mtu hali boti ingali baharini. Sasa chukua sin(x)/x. Hapo x haina ruhusa ya kufika 0, maana ikifika tunagawa kwa 0. Weka 0 moja kwa moja badala ya x, Maxima italeta ujumbe wa kosa. Andika limit(sin(x)/x, x, 0) pamoja na nuktamkato (;) mwishoni, itakupa 1. Amri ya kwanza imeuliza x ikifika, ya pili imeuliza x ikikaribia.

Kinachowaponza wanafunzi ni mchoro. Programu hukokotoa nukta nyingi kisha huziunganisha, kwa hiyo tundu la pale penye 0 halionekani. Mstari unapita kana kwamba hapana kitu. Anayeuona umepita, atakwambia x imefika. Na neno "kikomo" nalo linachochea, kwani kikomo cha safari ni pale abiria wanaposhuka.

Ama "inapokaribia" na "ikikaribia", zote sahihi. Ya pili ni nyepesi zaidi unaposoma alama "x → 0" ubaoni. Lakini kwa kusomesha, mimi ningeanza na kadiri: "Kadiri x inavyokaribia 0, ndivyo sin(x)/x inavyokaribia 1." Sentensi hiyo inaendesha vitu viwili kwa pamoja, na huo ndio mwendo wenyewe wa kikomo. Chini yake weka thamani, pembe zikiwa katika radiani: x ikiwa 0.5 jibu ni karibu 0.9589, ikiwa 0.1 ni 0.9983, ikiwa 0.01 ni 0.99998.

"Ikifika" msiitupe. Kwa x² andikeni "x ikifika 3, thamani ni 9", hapana ubaya.

Ila angalieni: katazo la kufika ni la x tu, si la fanksheni, yaani sin(x)/x yenyewe. x ikizidi kukua bila mwisho, sin(x)/x inakaribia 0, na njiani inaigusa 0 hiyohiyo tena na tena, ikipanda na kushuka kwa kimo kinachozidi kupungua. Mchoreeni mwanafunzi kuanzia -30 hadi 30 aone. Hapo "inatulia kwenye 0" inanikaa vizuri zaidi kuliko "inakaribia", maana msikilizaji huweza kudhani haigusi kabisa.

Maxima ni programu, basi "imekataa". "Amekataa" waachieni wanafunzi wakigombana na kompyuta. Na x inafuata namba: ikikaribia, si kikikaribia.