Iowa City huishi kwa kalenda ya chuo: ushauri kwa anayekuja

Kila mwaka ikifika Mei na Juni, vijana waliopata nafasi Chuo Kikuu cha Iowa, hapa Iowa City, Marekani, huanza kuniandikia. Wanauliza habari za viza, koti la baridi, bei ya tiketi. Ni maswali ya msingi na nayajibu yote. Lakini lipo jambo ambalo hakuna anayeliuliza, nami naliona ni kubwa kuliko koti: mji huu unakwenda kwa kalenda ya chuo, na asiyeijua kalenda hiyo hulipa zaidi, huhangaika zaidi, na huchelewa kupata watu wake.

Sensa ya 2020 ilihesabu hapa wakazi karibu 75,000. Chuo peke yake kina wanafunzi zaidi ya 30,000, na hospitali yake ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa jimbo zima. Chuo kilianzishwa mwaka 1847, wakati Iowa City bado ni makao makuu ya jimbo. Mwaka 1857 serikali ikahamia Des Moines, na jengo lake likabaki mikononi mwa chuo. Ndilo lile lenye kuba la dhahabu utakaloliona ukishuka mjini. Kwa hiyo chuo kikipumua, mji mzima unapumua.

Anza na nyumba, maana hapo ndipo wageni wanapoumia. Mikataba mingi ya pango hapa huanza mwanzoni mwa Agosti na kuisha siku chache kabla Julai haijakatika. Maana yake, kila kiangazi kuna siku kadhaa ambazo maelfu ya watu wametoka nyumba ya zamani na hawajakabidhiwa funguo za mpya. Watu hulala kwa marafiki, mizigo ikibaki kwenye magari ya kukodi. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kuingia Marekani hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo, na masomo huanza mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo ni rahisi sana ndege yako ikutue katikati ya mvurugano huo. Kabla ya kukata tiketi, muulize mwenye nyumba tarehe na saa ya kukabidhiwa funguo, akujibu kwa maandishi. Kama kuna pengo, tafuta mtu wa kukupokea mapema, usisubiri hadi ufike.

Siku hizohizo barabara zinajaa vitu: makochi, meza, taa, rafu za vitabu, hata majiko ya maikrowevu yanayofanya kazi. Wanaohama hawana pa kuvipeleka. Meza ya mbao au ya chuma chukua bila aibu; wenyeji nao wanachukua. Godoro na kochi la kitambaa uviache palepale, hata kama vinang'aa. Kunguni wakishaingia kwenye chumba chako, gharama ya kuwatoa inazidi bei ya kochi jipya.

Kuhusu mahali pa kuishi, mto Iowa umekata mji katikati. Magharibi kuna hospitali na uwanja wa michezo. Mashariki kuna katikati ya mji, maduka na baa. Nyumba zilizo karibu sana na baa zina kelele kuanzia Alhamisi usiku, na kodi yake ni ya juu. Mimi humshauri mwenye familia atazame mitaa ya mbali kidogo iliyo kwenye njia ya basi. Mwaka 2023 mji uliondoa nauli kwenye mabasi yake, na mabasi ya chuo, Cambus, ambayo mengi huendeshwa na wanafunzi wenyewe, hayana tiketi tangu zamani na mtu yeyote anapanda. Ukipata chumba cha chini karibu na mto kwa bei nzuri kupita kiasi, uliza maji yalifika wapi Juni 2008. Mafuriko ya mwaka ule yaliharibu majengo kadhaa ya chuo, likiwemo jumba la maonyesho la Hancher, ambalo jipya lake lilifunguliwa mwaka 2016.

Kisha unaingia msimu wa futiboli ya Kimarekani. Hata kama mchezo wenyewe huuelewi, lazima uujue, kwa sababu Jumamosi ambayo timu ya chuo, Hawkeyes, inacheza nyumbani, uwanja wa Kinnick unaingiza watu karibu 69,000. Linganisha na idadi ya wakazi niliyoitaja hapo juu. Barabara ya Melrose inafurika, wenye nyumba za karibu wanakodisha nyasi za uani kwa maegesho, na hoteli zinapandisha bei. Usipange kuhama siku hiyo, wala usimwambie mgeni wako aje wikiendi hiyo kabla hujatazama ratiba. Kama unafanya kazi hospitali, ondoka nyumbani mapema sana. Na kama unataka kufanya manunuzi kwa utulivu, nenda dukani mechi ikiwa imeanza.

Ila nenda uwanjani angalau mara moja, au simama karibu nao. Hospitali ya watoto ya chuo imejengwa ukingoni mwa uwanja, na ghorofa yake ya juu kabisa inautazama kutoka juu. Tangu mwaka 2017, robo ya kwanza ya mchezo ikiisha, uwanja wote unageuka: mashabiki wa nyumbani, wageni, wachezaji, waamuzi. Wote wanainua mikono kuwapungia watoto waliolazwa kule juu, na watoto wanapunga kupitia vioo pamoja na wazazi wao. Nimesimama pale karibu na mzee mmoja aliyekuwa akimfokea mwamuzi kwa muda mrefu. Dakika ile alivua kofia na kuipunga huku machozi yanamtoka. Sijaona kitu kingine kinachoonyesha roho ya watu wa hapa kama kile. Ujue pia kwamba mapenzi ya michezo hapa si ya wanaume peke yao. Oktoba 2023 timu ya mpira wa kikapu ya wanawake, Caitlin Clark akiwemo, ilicheza mechi ya maonyesho ndani ya uwanja huohuo wa Kinnick mbele ya watu 55,646.

Chakula sasa. Iowa imezungukwa na mahindi kila upande, na mgeni wetu hufika akidhani unga wa ugali utakuwa kila kona. Mahindi yale ni ya mifugo na ya kutengenezea mafuta ya ethanoli. Unga tafuta kwenye maduka ya Waafrika au ya Walatini, na hapo kuwa makini: unga wa masa wanaotumia kwa tortila umetengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Ukisonga ugali kwa unga huo utapata kitu chenye harufu nyingine. Chukua unga mweupe wa kawaida, uliosagwa laini. Samaki wakavu, mihogo na maharage havisumbui.

Mboga ni sokoni. Kuanzia Mei hadi Oktoba, Jumamosi asubuhi, soko la wakulima hukaa chini ya jengo la maegesho la Chauncey Swan, kwa hiyo hata mvua ikinyesha biashara inaendelea. Fika mapema upate vilivyo bora, au fika karibu na saa sita mchana upunguziwe. Zungumza na wakulima. Wengi wanapenda kuulizwa. Nilimuuliza mkulima mmoja aliyekuwa akiuza viazi vitamu kama naweza kununua majani yake. Alishangaa, akasema wao huyaacha shambani. Nikamweleza jinsi tunavyoyapika kwa nazi na kitunguu. Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko mkubwa wa matembele mabichi, akakataa pesa, akataka tu nimwandikie namna ya kupika. Hiyo ndiyo faida ya mji mdogo: ukionekana mara kwa mara mahali pamoja, watu wanakukumbuka.

Na watu wetu wapo. Iowa City, Coralville na Cedar Rapids zina Wakongomani wengi, na Kiswahili utakisikia kwenye basi, kwenye foleni ya duka la bidhaa za nyumbani, na kanisani. Wasudani nao ni wengi hapa, na wana maduka na mahali pa kuswalia. Ushauri wangu kwa Mtanzania au Mkenya: usikae ukisubiri chama cha Watanzania au cha Wakenya. Mama wa Bukavu mwenye watoto shule ya msingi ya hapa anaujua mji huu kuliko ofisi yoyote ya wageni: daktari gani ana subira na mtu anayejifunza Kiingereza, koti la mtoto linapatikana wapi kwa bei ya mitumba, kazi ya usiku ipi inalipa vizuri. Msalimie kwa heshima, "shikamoo mama", hata kama kwao salamu ni nyingine, halafu sikiliza. Na wewe uliyekuja na mwenzi asiyeruhusiwa kufanya kazi kwa viza yake, usimwache afungiwe ndani na baridi. Kuna madarasa ya Kiingereza katika chuo cha Kirkwood, na maktaba ya mji ipo wazi kwa wote.

Maktaba hiyo, iliyopo mtaa wa Linn katikati ya mji, naitaja kwa moyo wangu wote. Mbali na vitabu na shughuli za watoto, inaazima picha za ukutani. Unachagua mchoro uliowekwa kwenye fremu, unauandikisha kwa kadi yako kama kitabu, unautundika sebuleni, kisha unaurudisha na kuchukua mwingine. Kwa mtu anayeishi chumba chenye kuta nyeupe tupu katikati ya Januari, hilo linasaidia kuliko anavyofikiri. Mtaa wa pili, wa Dubuque, kuna duka la vitabu la Prairie Lights lililofunguliwa mwaka 1978, ambako waandishi husoma kazi zao bila kiingilio. UNESCO iliutangaza mji huu Mji wa Fasihi mwaka 2008, na tangu 1967 programu ya kimataifa ya waandishi ya chuo imekuwa ikileta waandishi kutoka duniani kote, wakiwemo Waafrika, kila msimu wa majani kupukutika. Nenda ukawasikilize. Ukikaa mbele na kuuliza swali, utaondoka umezungumza na mtu ambaye nyumbani ungemwona magazetini tu.

Baridi nitaisema kwa ufupi kwa kuwa imeandikwa sana. Mwishoni mwa Januari 2019 mashariki mwa Iowa palishuka kupita nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na chuo kikafuta masomo. Nunua koti hapa, usinunue nyumbani. Ila tanguliza buti zenye soli inayoshika, kwa sababu wanaoumia wengi huteleza. Ukipanga nyumba nzima, soma mkataba ujue nani anasafisha njia ya miguu mbele yake. Theluji ikianguka manispaa inataka iondolewe. Ukiwa na gari, fuatilia matangazo ya dharura ya theluji, maana siku hizo maegesho ya barabarani yana masharti yake na magari huburutwa.

Theluji ikiyeyuka vinakuja ving'ora vya kutahadharisha tornado, ule upepo mkali unaozunguka na kubomoa nyumba. Usishtuke vikilia siku ya majaribio asubuhi ya anga safi. Siku nyingine yoyote, vikilia, shuka. Simu ikiandika Tornado Watch, hali ya hewa inaruhusu tornado kutokea, basi jua viatu na chaja viko wapi. Ikiandika Tornado Warning, imeonekana au rada imeigundua: nenda chumba cha chini ya ardhi au chumba cha ndani kisicho na dirisha, na usitoke kupiga video. Aprili 13, 2006, jioni, tornado ilipita katikati ya mji huu na kubomoa kanisa la Mtakatifu Patrick. Siku ileile ya kuhamia, muulize mwenye nyumba sehemu ya kujificha iko wapi na kama mlango wake huwa umefungwa.

Mei wanafunzi wanaondoka na mji unakuwa wa wenyeji. Mimi naupenda zaidi wakati huo. Ijumaa jioni kuna muziki wa bure katikati ya mji, mwanzoni mwa Julai linakuja tamasha la jazi, na watoto wanachezea maji hadi giza linaingia. Ni wakati mzuri pia wa mfuko: wanafunzi walioondoka bado wanadaiwa kodi hadi Julai, kwa hiyo hukubali kukupangishia vyumba vyao kwa bei ya chini sana. Ukifanya hivyo, hakikisha mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi.

Mwisho wa mkataba wako nao utafika. Sheria ya Iowa hairuhusu mwenye nyumba kudai amana inayozidi kodi ya miezi 2, na inamtaka airudishe ndani ya siku 30, au aeleze kwa maandishi amekata nini na kwa nini. Lakini siku hizo 30 zinahesabiwa baada ya mkataba kuisha na yeye kupokea anwani yako mpya. Kwa hiyo siku ya kuingia piga picha kila ukuta, zulia, jiko na bafu, zikiwa na tarehe. Siku ya kutoka piga tena. Kisha mpe anwani mpya kwa barua au barua pepe, ubaki na nakala, hata kama unahamia mtaa wa pili tu.