Bango la reli lisilo na saini: mchoraji atajulikanaje?

SWALI: Babu yetu alifanya kazi relini Mombasa. Alipofariki tulikuta sandukuni mwake bango la utalii lenye twiga na treni, limeandikwa "East African Railways and Harbours". Halina mwaka wala jina la mchoraji. Nitamjuaje?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Kuhusu mwaka, jina la shirika limeshatusaidia. Lilianza 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika, na mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Bango lenu ni la kati ya miaka hiyo, ila kama ni nakala ya juzi tu.

Hilo ndilo la kukagua mwanzo. Chukua kioo cha kukuzia utazame maandishi. Kwa kawaida herufi za bango halisi zina wino uliojaa, kingo zimekatika safi. Zikiwa zimejengwa kwa vitone vya rangi mbalimbali, hiyo ni picha iliyopigwa kutoka bango jingine. Kisha lipime: mabango mengi ya reli ya Kiingereza yalikuwa inchi 25 kwa 40.

Sasa, usianze na mchoraji. Anza na mchapaji. Jina la kiwanda huwa ukingoni kabisa chini, kwa herufi ndogo mno, pengine pamoja na namba ya kazi. Viwanda vingi viliajiri wachoraji wao wenyewe, na kazi zao zikatoka bila saini. Inaniuma kila nikiliona hilo, lakini ndiyo sababu kumbukumbu za kiwanda huzaa matunda kuliko vitabu vya sanaa. Pitia pia nyasi, mawe na magurudumu ya behewa: herufi mbili za jina hupenda kujificha humo.

Ukiambiwa "huu ni mkono wa fulani", dai ushahidi. Mchoraji Mwingereza Adrian Allinson, kwa mfano, alichora usafiri wa Afrika Mashariki kwa ajili ya Empire Marketing Board, bodi ya Uingereza ya kutangaza bidhaa za himaya yake, iliyofungwa 1933, miaka 15 kabla ya shirika lenu kuwapo. Kufanana na kazi zake hakutoshi.

Ukishapata jina la kiwanda na namba, nenda nazo Makumbusho ya Reli na pia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, zote Nairobi. Kabla ya kulitia fremu, piga picha upande wa nyuma pia. Mihuri ya ofisi na maandishi ya penseli huwa huko. Na tafadhali, usilibandike gundi wala kulitia plastiki ya moto.